Binti Aliyefungwa Lebo

Ukitaka kumuudhi Casimira Mamani, mwambie kifurushi chako kimepotea. Atakusema mpaka stendi nzima ya mabasi ya Oruro, hapa kwetu Bolivia, igeuke kukutazama, halafu atakitoa chini ya meza alikokiweka mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye uliyechelewa siku mbili kuja kukichukua. Ana miaka ishirini na tatu kwenye dirisha la vifurushi na hajapoteza hata kopo la asali. Mimi nauza api ya moto, uji wetu wa mahindi ya zambarau, na maandazi ya jibini hatua nne kutoka dirishani kwake, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Tena mimi ndiye niliyemshika binti yake siku ya ubatizo, ndiyo maana tunaitana comadre, na ndiyo maana nina haki ya kumsema.

Dirishani pale hayapiti magunia ya viazi vikavu na vipuri vya magari tu. Kwetu sisi watu hukabidhi na watoto. Mama anakuja na mtoto anayekwenda kwa bibi yake, anamshika dereva mkono, anampa mkate au majani ya coca, maana mkono mtupu haulambwi, kisha anamwambia, "Nakukabidhi huyu." Imekwisha. Karatasi za ruhusa zenye mihuri zipo, na lazima uwe nazo, lakini neno hilo ndilo linalomnyima dereva usingizi.

Casimira analijua neno hilo kuliko sisi sote, kwa sababu hata yeye aliletwa mjini hivyo hivyo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake alikuwa amefariki, baba akampandisha basi huko kwao upande wa jangwa la chumvi, akambandika karatasi kifuani kwa pini. Karatasi ilikuwa na jina lake, na chini yake mstari wa kutia sahihi: aliyepokea. Angekuja shangazi fulani kumchukua. Shangazi hakuja siku hiyo, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Mzee aliyeshika dirisha wakati ule akamlaza katikati ya magunia, akamlisha, akamfundisha kufunga kamba, na msichana hakuondoka tena. Tunamtania kwamba yeye ndiye mzigo pekee ambao haujapata mwenyewe katika stendi hii. Anacheka. Lakini ile karatasi anayo hadi leo ndani ya kopo la biskuti, pini imeshika kutu, na mstari mtupu.

Sasa mtu kama huyo mpe mtoto mmoja, mmoja tu, halafu mwambie amwache asafiri peke yake.

Danitza ana miaka kumi na sita na anapiga tromboni. Aliirithi kwa babu yake, mzaa baba, aliyeipuliza kanivali arobaini mpaka mapafu yakamkatalia. Baba mtu yuko Chile na hutuma salamu. Mwaka huo chuo kimoja cha muziki kule La Paz kilitangaza nafasi moja ya tromboni kwa vijana. Majaribio yalikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Mwaka unaofuata Danitza angekuwa amepita umri, kwa hiyo ilikuwa ama Alhamisi hiyo ama basi tena.

Jumatano tulikuwa tunakula kwao, na Casimira akasema kama mtu anayeomba chumvi, "Nimeomba ruhusa kazini. Nitakusindikiza."

"Hapana, mama," Danitza akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Karatasi ya ruhusa ninayo, nauli ninayo, ramani nimeichora. Na usinikabidhi kwa mtu."

"Nani kasema nitakukabidhi?"

"Mama! Mwaka jana kule Cochabamba ulinikabidhi kwa kiongozi wa bendi. Akanifuata mpaka chooni. Akasimama mlangoni anaita, 'Danitza, bado uko hai?' Wavulana wote wakaniita kifurushi. Mpaka leo wananiita kifurushi!"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na supu. Casimira hakucheka. Danitza akamtaka aape kwa Bikira Maria wa Socavón, mlinzi wa mji wetu, na Casimira akaapa, mkono wa kulia juu ya meza.

Hapa naomba niseme kosa langu. Asubuhi ya Alhamisi, Casimira alikuja kibandani kwangu macho mekundu, hajalala. Mimi ndiye niliyemwambia, "Ahadi ni deni, lakini mtoto ni mtoto. Mkabidhi kimya kimya. Atajuaje?" Nikamfungia maandazi sita ya moto ya kumpa dereva. Kwa hiyo nikimsema comadre wangu, najisema na mimi.

Dereva alikuwa don Froilán. Katika madereva wote Casimira alimchagua huyo, na alijua kwa nini. Don Froilán aliwahi kukataa kumshusha mtoto wa watu pale Challapata kwa kuwa mjomba aliyekuja kumpokea alinuka pombe, akarudi naye mpaka Oruro. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache hayageuzi. Danitza alipokuwa ananunua maji, Casimira alimpa maandazi na neno lile. Kisha akachukua lebo ya vifurushi, akaandika: binti mmoja, tromboni moja, mbebaji Froilán. Mstari wa aliyepokea akauacha mtupu. Akaikunja, akaifunga chini ya mpini wa sanduku la tromboni, akaiziba kwa utepe mweusi.

"Umfikishe mpaka mlango wa chuo," akamnong'oneza don Froilán, "na bawabu atie sahihi."

"Bawabu?"

"Bawabu. Kwani bawabu hajui kuandika?"

Basi likaondoka saa moja asubuhi. Danitza alipunga mkono dirishani, uso unang'aa. Casimira alirudi kwenye dirisha lake akaanza kupima mizigo, ametulia kabisa. Mwongo mkubwa, nikawaza, na mimi mwongo mwenzake.

Simu ililia saa nne kasoro dakika kumi na tano.

"Doña Casi, barabara imefungwa," akasema don Froilán. Casimira alikuwa amenisogelea na kuiweka simu kwa sauti, kwa hiyo nilisikia yote. "Kilomita chache kabla ya Patacamaya. Wanavijiji wanadai daraja lao. Mawe, matairi yanawaka, baruti zinalia. Abiria wanashuka watembee, upande wa pili kuna magari. Binti yako naye anataka kushuka. Nimemkatalia. Nimelifunga buti, na tromboni imo ndani. Mimi nageuza."

"Umefanya vizuri," Casimira akasema, na nikaona mabega yake yakishuka. "Mungu akubariki. Nirudishie mwanangu."

Na mimi nilishusha pumzi. Nilianza hata kumimina api, tunywe. Ndipo tukasikia purukushani kwenye simu, na sauti ya msichana.

"Mama."

"Mwanangu, kaa na don Froilán, uta—"

"Mama, kabla hajafunga buti nimeona lebo kwenye sanduku langu."

Casimira aliuficha mkono wa kulia ndani ya aproni.

"Uliapa," Danitza akasema.

"Niliapa."

"Kwa Bikira."

"Kwa Bikira, ndiyo. Nitakwenda kumwomba msamaha mwenyewe. Wewe rudi."

"Basi zima limeshuka. Kuna bibi mwenye fimbo, naye kashuka! Humu nimebaki mimi na jogoo wa mtu ndani ya kapu. Kwa nini mimi nisiweze anachoweza bibi?"

"Bibi hana miaka kumi na sita."

Kilisikika kishindo. Hakikuwa karibu naye, lakini kilisikika, na kikombe kilinitoka mkononi. Danitza sasa alisema polepole, neno moja moja.

"Mama, sikiliza. Wanaruhusu watu wa miguu mpaka saa tano. Baada ya hapo hapiti hata mbwa. Don Froilán hatafungua buti mpaka umwambie wewe. Ukiniambia nirudi, nitarudi, sitakimbia, sitakununia. Lakini niambie wewe kwa mdomo wako, usimtume dereva. Niambie, 'Danitza, huwezi.'"

Nilimshika Casimira mkono. "Mwambie arudi," nikasema. "Baruti hizo, comadre! Chuo kipo kila siku." Nilikuwa nasema uongo na nilijua, hakikuwapo kila siku. Lakini nilimwona yule mtoto mchanga niliyemshika kanisani, na sikujali.

Casimira hakunitazama. Aliangalia ile kona nyuma ya meza, pale magunia yanapopangwa. Watu wawili walikuwa wanagonga dirisha wakitaka mizigo yao, na hakuwasikia. Nilidhani amepotewa na akili.

"Umevaa viatu gani?" akauliza.

"Vya... vya mazoezi. Vile vya bluu."

"Kaza kamba. Maji unayo?"

"Nusu chupa."

"Mwombe don Froilán aijaze. Sasa nisikilize na usinikatize. Usifuate barabara, fuata reli. Reli iko kushoto kwako, inapita nyuma ya mawe yao. Tafuta wanawake wenye watoto mgongoni, utembee nao, usiwatangulie wala usibaki nyuma. Wanapopita hao, hakuna anayerusha jiwe. Sanduku lifunge mgongoni kwa kitambaa kama mtoto. Usilibebe begani, watadhani bunduki. Wakikuuliza kuna nini, fungua kabla hawajakuambia ufungue. Waite wote mjomba na shangazi. Ukifika ng'ambo, usipande gari lenye wanaume watupu hata kama linaondoka sasa hivi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

Alirudia yote, neno kwa neno. Casimira akasema, "Mpe don Froilán simu." Kisha akasema, "Fungua buti."

"Doña Casi," don Froilán akajibu, na nilisikia jinsi ilivyomchoma, "mimi nikikabidhiwa, nafikisha au narudisha. Katikati sina. Hapa nimpe nani? Hakuna wa kutia sahihi."

"Mpe mwenyewe."

"Nani?"

"Danitza. Mkabidhi Danitza kwa Danitza. Fungua buti, mzee wangu."

Simu ikakatika. Saa nne na dakika tano.

Nitasema ukweli, nilimtukana. Nilimwita mama wa jiwe. Nilimwambia kuwa mtoto akipata hata mkwaruzo yeye asikanyage tena kibandani kwangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, comadre," akanijibu. "Wewe ungembeba kwa urahisi. Ungemwambia rudi, ukarudi kukaanga maandazi yako. Mimi ndiye ningeishi na msichana niliyemwambia hawezi."

Akarudi kazini. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tatu, alimpa mtu mzigo usio wake. Gunia la mahindi lilichukuliwa na fundi viatu aliyekuja kufuata ngozi, na fundi mwenyewe alilirudisha, akamwangalia Casimira kwa huruma. Kila dakika kumi Casimira alipiga namba ya Danitza. Haikupatikana.

Saa sita redio ya kibanda cha magazeti ilisema kuna watu watatu waliojeruhiwa kwa mawe pale barabarani, mmoja wao msichana.

Casimira alivua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka mezani, akatoka mpaka yanakoegeshwa mabasi ya La Paz. Hakukuwa na basi linalokwenda. Alisimama pale katikati ya lami tupu, upepo unampeperusha sketi, na hakujua aende wapi. Nilimfuata na shali. Hasira yangu ilikuwa imeisha, nilikuwa naogopa tu. Tulisimama wote wawili kama tunaosubiri mtu ashuke.

Aliyeshuka, saa saba na nusu, ni don Froilán. Basi lilikuwa tupu isipokuwa lile kapu la jogoo. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa.

"Nilimwona mpaka kwenye reli," akasema kabla hatujauliza. "Alikuwa nyuma ya mama mmoja mwenye pacha. Sanduku mgongoni. Aligeuka mara moja akanipungia. Halafu moshi ukaja."

"Msichana aliyejeruhiwa?" nikauliza.

"Sijui."

"Alivaa viatu gani?" Casimira akauliza.

"Doña Casi, sijui. Sikumwona." Alikaa kwenye ngazi ya basi lake. Yale maandazi sita yalikuwa bado kwenye mfuko, hakula hata moja. "Miaka thelathini naendesha. Sijawahi kurudi bila mtu wangu."

Saa nane ikafika, saa ya majaribio. Saa tisa ikafika. Casimira aliacha kupiga simu. Alikaa juu ya gunia, kwenye ile kona nyuma ya meza, mikono juu ya magoti, anaangalia mlango wa stendi. Nina umri wa kutosha kukumbuka msichana wa miaka kumi na mmoja akikaa vile vile, pale pale, na sikuweza kumtazama.

Simu ililia saa kumi na dakika ishirini. Ilikuwa namba ngeni. Casimira aliitazama tu inalia. "Pokea!" nikapiga kelele. "Pokea, mwanamke wewe!"

Akapokea.

"Mama, nimefika. Hii ni simu ya bawabu, yangu imezima chaji. Nilifika saa tisa na robo, walikuwa wanafunga mlango, nikawasihi wanisikilize. Mama, nimeshapiga. Wamenichukua. Wamenichukua mimi! Mama? Upo?"

Casimira alikuwa anatikisa kichwa kama vile mtoto anaweza kumwona. Mwishowe akasema, "Umekula?"

Danitza akaanza kucheka, halafu kile kicheko kikageuka kilio, na mama naye akalia. Mimi nililia, na don Froilán alikwenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Barabara ilifunguliwa Jumamosi, na Jumapili Danitza alirudi. Alikuwa na lengelenge kila kisigino na jeraha dogo kwenye nyusi. Alituambia kila kitu akiwa amekaa juu ya meza ya vifurushi, anakula maandazi yangu mawili mawili. Walimsimamisha mara tatu. Mara ya pili kijana mmoja mlevi alimshika sanduku akidai lina baruti, na yeye akakumbuka kulifungua kabla hajaambiwa. Wakamwambia basi piga. Midomo ilikuwa imekauka kwa baridi, sauti ya kwanza ikatoka kama punda, wakacheka wote, na mama mwenye pacha akamwambia yule mlevi amwache mtoto wa watu apite. Jiwe la nyusi lilimpata baadaye, na halikurushwa kwake.

"Uliogopa?" nikamuuliza.

"Niliogopa sana, madrina, mama yangu wa ubatizo. Nilitaka kurudi mara mbili." Akamtazama mama yake. "Lakini nilikuwa nimeshaambiwa pa kupita."

Kisha akatoa mfukoni ile lebo, imechafuka, imekunjamana, na akaiweka mezani mbele ya Casimira. Binti mmoja, tromboni moja. Jina la mbebaji, Froilán, lilikuwa limekatwa kwa kalamu. Kwenye mstari wa aliyepokea aliandika jina lake kamili, Danitza Flores Mamani, na saa: tisa na robo.

"Bawabu alitaka kusaini," akasema. "Nikamwambia mwenye mzigo yupo."

Casimira aliishika ile lebo kwa muda mrefu. Kisha akatoa kopo la biskuti ili aihifadhi. Alipofungua, Danitza aliona karatasi ya zamani yenye pini ya kutu. Hadithi aliijua, sisi sote tunaijua, lakini karatasi yenyewe alikuwa hajawahi kuigusa. Akaitoa, akaisoma, akaona mstari mtupu. Alichomoa kalamu kwenye nywele za mama yake, pale anapoiweka siku zote, akaandika jina lake yeye, Danitza, kwenye mstari wa aliyepokea, na chini yake tarehe ya siku hiyo.